Kisu, simu na kete tatu: Miaka 30 inaanzia wapi?

Na Mwandishi Wetu, Tanga

KARATASI ni moja, mashtaka mawili. La kwanza ni unyang'anyi wa kutumia silaha. La pili ni kupatikana na dawa za kulevya. Mshtakiwa ana miaka 22, mkazi wa Mabawa jijini Tanga, kazi yake kibarua. Anadaiwa kumtolea kisu dereva wa bodaboda baada ya isha, akamchukulia simu na hesabu ya siku. Alipopekuliwa akakutwa na kete tatu za unga mfukoni mwa suruali.

Kijana huyo tumemtunga. Hatutaki kumwanika mtu ambaye kesi yake iko mezani kwa hakimu, wala kumtonesha kidonda aliyenyang'anywa. Ila karatasi ya namna hiyo haimshangazi karani yeyote wa mahakama, Tanga au kwingineko pwani, na sheria tutakazompimia ni zile zile wanazopimiwa watu wenye majina yao.

Vijiweni swali huwa moja: atakula mingapi?

Jibu linategemea mambo ambayo mengi yatakuwa yameshaamuliwa kabla hakimu hajaanza kuandika hukumu. Kisu kikithibitika, ni miaka isiyopungua 30. Kisu kikikosa ushahidi ukabaki unyang'anyi mtupu, ni 15. Nguvu na vitisho navyo visipothibitika, kinabaki kitendo cha wizi, na hapo hakimu ana uwanja mpana: wizi wa kawaida kifungo chake hakizidi miaka saba, na anaweza kushuka chini sana ya hapo. Kete tatu nazo zinaweza kuishia kwenye faini. Au zikaitwa kwa jina jingine, zikabeba miaka 30 yake peke yake.

Mwenye pikipiki hangoji mjadala

Kabla ya kumhurumia mshtakiwa, tumtazame aliyesimama kizimbani upande wa pili kama shahidi wa kwanza.

Pikipiki anayoiendesha aghalabu si yake. Iko kwenye mkataba, na jua likichwa mwenye chombo anataka hesabu yake, kuwe na mvua au jua. Simu ndiyo ofisi: wateja wanapiga humo, akiba imo humo, deni la dukani limo humo. Kisu kikishatolewa, kinachoondoka ni mtaji, na pamoja nao ule ujasiri wa kumpakia abiria asiyemjua usiku. Wakala wa fedha za simu anayefunga kibanda chake jioni anaujua woga huo. Mama lishe anayerudi na kapu la mauzo anaujua pia.

Mtu wa namna hii hana muda wa kusikia kwamba mnyang'anyi alilelewa na bibi. Anataka kupita barabara yake. Na mtaa mzima unasimama naye, kwa sababu kila mtu ana siku yake ya kuibiwa.

Kuna jambo ambalo wapinzani wa adhabu kali hawapendi kulizungumza. Mwizi anapokamatwa mtaani, kati yake na tairi lenye petroli kuna imani moja tu: kwamba akipelekwa kituoni hatarudi kesho asubuhi akicheka. Imani hiyo ikipungua, "wananchi wenye hasira kali" tunaowasoma magazetini huongezeka. Miaka 30, kwa jicho hilo, imemwokoa mwizi mmoja mmoja asiuawe barabarani. Hoja hiyo ni nzito na sitaki kuipita haraka.

Lakini tazama anachopata dereva wetu baada ya hapo. Anaitwa shahidi. Anafika mahakamani, kesi inaahirishwa. Anafika tena, mpelelezi yuko safarini. Kila siku anayokaa benchi la mahakama ni siku ambayo hesabu haikupatikana. Mwisho mshtakiwa anafungwa, na shahidi anarudi nyumbani mikono mitupu. Sheria inairuhusu mahakama kuamuru mtiwa hatiani alipe fidia, ila mtu anayeingia gerezani miaka 30 atailipa na nini?

> Simu ndiyo ofisi: wateja wanapiga humo, akiba imo humo, deni la dukani limo humo.

Viboko vya kuingilia na vya kutokea

Wazo la kumfunga hakimu mikono halikuanza jana. Mwaka 1963, Uhuru ukiwa bado mbichi, Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya kima cha chini cha adhabu. Mla rushwa, mwizi wa mali ya umma na wengine waliotajwa walikuwa na hakika ya miaka miwili na viboko 24: 12 wakiingia gerezani, 12 wakitoka. Mwalimu Nyerere, akiwa ameshastaafu, aliisimulia habari hiyo miaka ya 1990 na ukumbi ukavunjika mbavu. Vile vya kutokea, alieleza, mtu akamwonyeshe mkewe.

Chini ya kicheko kulikuwa na hoja. Serikali haikutaka hakimu awe na nafasi ya kuonea huruma, kwa sababu nafasi ya kuonea huruma ni nafasi ya kununuliwa. Ukimwandikia kima cha chini, aliyekuja na bahasha hana cha kununua.

Sheria nyingine ya mwaka 1972 ikachukua nafasi ya ile. Kisha vikaja vita vya Kagera, na miaka iliyofuata silaha zikazagaa, mabasi yakatekwa, watu wakavamiwa majumbani. Mabadiliko ya 1989 na 1994 yakaikaza sheria kwa wanyang'anyi: 15 kwa unyang'anyi, 30 kwa aliyebeba silaha. Mwaka 2004 unyang'anyi wa kutumia silaha ukapewa kifungu chake ndani ya Kanuni ya Adhabu, 287A, kilichoandikwa upya mwaka 2011. Mawakili na wafungwa walikizoea kifungu hicho kwa namba. Hadi leo hakimu anaweza kuongeza viboko juu ya miaka, isipokuwa kwa wanawake na kwa wanaume waliopita miaka 45.

Kinachosahaulika ni kwamba sheria iliyotungwa kwa ajili ya bunduki na mabasi ndiyo inayomsubiri kijana wa kisu cha jikoni. Silaha kwa maana ya sheria haiishii kwenye bastola. Panga ni silaha. Nondo ni silaha. Kisu cha kumenyea machungwa, kikielekezwa kifuani kwa mtu ili aachie simu, ni silaha, na kima cha chini ni kile kile.

Kalamu ya kwanza

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kima cha chini kimeua upendeleo. Hiari haikufa. Ilihama. Ilitoka kwa hakimu, anayefanya kazi mbele za watu na kutoa sababu kwa maandishi, ikaenda kwa yule anayeamua karatasi iandikwe nini.

Kisu kimetajwa au hakikutajwa? Ni "kutumia silaha" au ni unyang'anyi tu? Uamuzi huo unafanyika ofisini, hausomwi hadharani, na tofauti yake ni miaka 15 ya uhai wa mtu. Ukitaka kujua mahali penye vishawishi, pafuate palipo na hiari isiyoonekana.

Athari ya kwanza ni dhamana. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana. Siku neno "silaha" linapoandikwa, mshtakiwa anaanza safari ya rumande hata kama baadaye kisu kitaonekana hakikuwepo. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa haya kinakwenda kinyume cha Katiba. Agosti mwaka ule ule Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na zuio likabaki.

Kalamu ya kwanza ikiteleza, inamuumiza hata aliyenyang'anywa. Mahakama ya Rufani, ambayo hufanya vikao vyake Tanga pia, imeshawaachia watu waliokwishatumikia miaka gerezani kwa kuwa hati ya mashtaka haikutaja ni nani aliyetishiwa. Mtaani wanasema mahakama imemwachia jambazi. Kumbe aliyemwachia ni mwandishi wa hati aliyeruka mstari.

Giza nalo lina sheria yake. Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani imeweka msimamo kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Taa ilikuwa ya aina gani, ilitoa mwanga kiasi gani, umbali ulikuwa hatua ngapi, tukio lilichukua muda gani, alikuwa akimjua kabla? Dereva anayejibu kwa kifupi kwamba alimwona vizuri, akaishia hapo, ameiweka kesi yake kwenye hatari.

> Hiari haikufa. Ilihama.

Kusafirisha mpaka mfukoni

Turudi kwenye kete tatu, shitaka ambalo kila mtu chumbani analiona dogo.

Tanga haihitaji kuelezwa unga ni nini. Mwambao wenye bandari bubu kuelekea Moa na Jasini upande wa Kenya, na Tongoni na Kigombe kuelekea Pangani, umejua majahazi ya kila bidhaa. Mateja wanaoinamia magoti vibarazani ni watoto wa watu, na wengi wetu tunaweza kuwataja kwa majina ya mama zao.

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inatambua kwamba kuna mtu wa kete na kuna mtu wa magunia. Kwa kiasi kidogo cha matumizi binafsi, faini ipo. Tatizo ni neno "kusafirisha". Ukiifungua tafsiri yake ndani ya sheria hiyo, utakuta kuingiza nchini, kuuza, kununua, kugawa, kuhifadhi, na kumiliki pia. Yaani unaweza kuwa umesafirisha ukiwa umekaa barazani. Mabadiliko ya 2017 yakaongeza kwamba anayesafirisha heroini, hata isiyozidi gramu 200, anaweza kufungwa miaka 30. Chini ya gramu 200 kuna dunia nzima: kuna muuzaji wa mtaa aliyejenga nyumba, na kuna teja aliyenunua dozi ya jioni. Anayeamua yupi ni yupi, kwa mara nyingine, ni mwandishi wa karatasi.

Kuzithibitisha kete si jambo la kubahatisha. Panatakiwa hati ya ukamataji yenye saini, ikiwezekana na ya shahidi asiye askari. Unga ufungwe kwa lakiri, upelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, urudi na taarifa. Kila mkono ulioshika kifurushi ujulikane, kutoka mfukoni mpaka kizimbani. Kwa pikipiki au ng'ombe majaji huweza kulegeza, kwa maana ng'ombe habadilishwi kirahisi njiani. Kete hubadilishwa kwa kufumba na kufumbua, na hapo hawalegezi. Ndiyo maana shitaka dogo huanguka mara kwa mara huku lile kubwa likisimama.

Hata likisimama, halibadilishi hesabu. Makosa yakiwa ya tukio moja, desturi ni hakimu kuamuru adhabu ziende pamoja. Faini au mwaka mmoja wa kete unamezwa na 30 ya kisu.

Na hapa ndipo kesi nzima inaponikera. Shitaka la pili ndilo linaloeleza la kwanza. Kijana hakutaka simu. Alitaka thamani ya simu kabla arosto haijamshika. Kwenye utoaji adhabu, maelezo hayo hayana mahali pa kukaa.

Bombo si mbali

Ni safari fupi ya bajaji kutoka Mabawa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Huko kuna kliniki ya methadoni. Nchini huduma hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikasambaa mikoani, na Tanga ikapata yake. Mgonjwa anafika kila siku, anakunywa dozi mbele ya mhudumu, anaondoka. Dawa hiyo ni kwa walioathirika na heroini na jamii yake; mvuta bangi hana kazi nayo. Ila kwa teja wa kete inaondoa ile mbio ya asubuhi ya kutafuta pesa kwa njia yoyote, na simu za watu zikiwemo.

Kama kijana wetu angekuwa na kete tu, mahakama ingekuwa na njia kadhaa. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mtu ambaye kifungo chake hakizidi miaka mitatu akitumikie nje kwa kazi za umma. Afisa wa probesheni angeweza kumfuatilia, na kliniki ikawa sehemu ya masharti.

Kisu kinafunga njia hizo zote. Hata parole, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, haiwahusu waliofungwa kwa unyang'anyi wa silaha. Kinachobaki ni punguzo la kawaida la theluthi kwa mwenye nidhamu. Aliyeingia Gereza Kuu la Maweni na miaka 22 atatoka na 42 au zaidi, na chochote kilichompeleka kwenye unga hakijaguswa.

Mahakama yenyewe imeshaona tatizo la kupima. Mwongozo wa utoaji adhabu wa mwaka 2023 unamtaka hakimu aangalie uzito wa tukio: madhara yaliyotokea, mpango uliokuwepo, nafasi ya mshtakiwa. Unatambua kukiri kosa mapema. Mwongozo hauwezi kuishinda sheria ya Bunge, hata hivyo. Kwenye kosa lenye kima cha chini, aliyekiri siku ya kwanza na aliyepoteza muda wa mahakama miaka mitatu wanakutana pale pale kwenye 30.

Upenyo uliopo ni makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingizwa mwaka 2019. Upande wa mashtaka unaweza kukubali kubadili shitaka kuwa dogo zaidi. Lakini hayo ni mazungumzo, na kwenye mazungumzo mwenye wakili ndiye anayejua bei.

Miaka 17, miaka 18

Sogeza umri wa kijana nyuma kidogo. Akiwa na miaka 17, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza asifungwe kabisa. Tanga ni miongoni mwa mikoa michache yenye mahabusu ya watoto, kwa hiyo hata kusubiri kesi angesubiri mbali na wakubwa. Akiwa ametimiza 18 wiki iliyopita, kisu kile kile na simu ile ile ni 30.

Kati ya 0 na 30 hakuna ngazi. Na ushahidi wa umri mara nyingi ni mama anayekumbuka kwamba mtoto alizaliwa mwaka wa mvua kubwa, maana cheti cha kuzaliwa hakikuwahi kukatwa. Mwenye cheti anaponea kwenye karatasi.

Ukivuka Horohoro kuingia Lungalunga mambo ni makali zaidi kwenye maandishi: Kenya, unyang'anyi wa kutumia nguvu adhabu yake ni kifo. Hakuna aliyenyongwa huko tangu 1987. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliondoa ulazima wa adhabu hiyo kwa mauaji, kisha mwaka 2021 ikafafanua kwamba hukumu ile ilihusu mauaji tu. Kwa hiyo majirani wana adhabu wasiyoitekeleza na sisi tuna adhabu tunayoitekeleza. Sioni la kumcheka mwenzake.

Arusha nako kuna funzo. Novemba 20, 2015 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua shauri la mfungwa aliyepewa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha katika kesi iliyoanzia Rombo. Ikaona haki yake imevunjwa: utetezi wake haukusikilizwa, na hakupewa wakili. Wafungwa wengine wa kosa hilo hilo wakafuata njia hiyo. Novemba 2019 Tanzania ikaondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda huko moja kwa moja, na baada ya mwaka mmoja mlango ukafungwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo, ila mtu wa kumwandikia hoja zake mshtakiwa wa Mabawa bado ni wa kumtafuta.

Kinachoweza kubadilika

Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ripoti ilikabidhiwa Julai mwaka huo. Mengi yaliyozungumzwa yalihusu ukamataji, upelelezi na dhamana, na ni sawa, kwa sababu huko ndiko adhabu inakoanzia.

Kwa maoni yangu, 30 ibaki kwa bunduki, kwa aliyejeruhi, kwa anayerudia. Kwa mkosaji wa kwanza ambaye hakumwaga damu, Bunge limrudishie hakimu nafasi ya kushuka chini ya kima, kwa sharti aandike sababu zinazoweza kukatiwa rufaa. Woga wa mwaka 1963 juu ya hakimu anayenunulika haukuwa wa kijinga. Lakini hukumu yenye sababu inaonekana. Uamuzi wa kuandika au kutoandika neno "silaha" hauonekani. Na palipo na kete na kisu pamoja, tiba ianze rumande, isisubiri mtu afikishe miaka 42.

Dereva naye alipwe kwanza. Simu ikikutwa, irudishwe baada ya kupigwa picha na kuandikwa, si baada ya rufaa ya mwisho.

Kwa aliyehukumiwa leo, sheria iliyopo ndiyo hii: notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, ukiacha muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Aliye gerezani huikabidhi kwa mkuu wa gereza, naye huifikisha Mahakama Kuu. Aombe kwanza nakala ya hati ya mashtaka.